Seva iko Newala, kwa mjomba

Rafiki yangu wa Dar aliniuliza juzi: "Kwa nini usiziweke hizo rekodi YouTube ukapumzika?" Swali la maana kabisa. Kwenye simu nilicheka tu, lakini jibu lake ni refu na wengine pia mmeshaniuliza nahangaika na nini kila nikipanda Newala.

Rekodi zenyewe ni saa 40 na ushee. Ni wazee wa ukoo wa mama yangu wanaongea Kimakonde: mashamba, shida ya maji, wakimbizi waliovuka Mto Ruvuma baada ya vita vya ukombozi wa Msumbiji kuanza mwaka 1964, ngoma, nani kaoa wapi. Wazee walikubali kurekodiwa kwa sharti moja, na bibi alilisema bila kupindisha. Haya ni ya nyumbani. Na yale yanayogusa unyago, hata hapo nyumbani si ya kila mtu. Asikie mwanamke aliyechezwa, basi.

Sasa hebu nitajieni mtandao wa kijamii unaolielewa sharti hilo. Ukiweka "siri" kwenye akaunti, siri hiyo inakaa kwenye kompyuta ya mtu usiyemjua, katika nchi usiyoijua, chini ya masharti yanayobadilishwa bila bibi kuulizwa. Mimi nimeshatoa neno langu. Kwa hiyo seva iko sebuleni kwa mjomba.

Msiogope neno seva. Ni laptopu iliyotumika, kioo chake kina ufa, imeunganishwa na diski ya nje na ruta isiyo na bando. Ndiyo, haina bando. Ruta hata bila intaneti inatengeneza mtandao wa waifai ndani ya nyumba, na simu zikijiunga nao zinaiona seva. Programu ni Jellyfin, ya bure, iliyozaliwa Desemba 2018 pale watu walipojitenga na Emby baada ya Emby kufunga msimbo wake. Inafanana na zile huduma za sinema za kulipia: picha, orodha, unabonyeza, unatazama. Tofauti ni kwamba kila kitu kiko ndani ya nyumba. Video zote nilizigeuza mapema ziwe za aina ambayo simu yoyote inaicheza moja kwa moja, maana laptopu ya umri ule ukiilazimisha kugeuza video mtu akiwa anatazama, feni yake inalia kama mashine ya kusaga.

Watu wa Newala wanauelewa mpango huu haraka kuliko rafiki yangu wa Dar. Uwanda wa Makonde uko juu na maji yako chini. Kuna mradi wa Makonde unaosukuma maji kutoka Mitema, lakini mwenye akili anachimba kisima cha saruji uani na kukinga mvua ya paa lake. Bomba likikauka anachota chake. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, nchi nzima ikalalamika. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ikazimwa kwa siku kadhaa. Mara zote mbili pale sebuleni waliendelea kumsikiliza bibi.

Sasa tuje kwenye kusasisha, kazi iliyonipandisha Desemba.

Jellyfin naiendesha ndani ya kontena la Docker. Kwa asiyejua, kontena ni programu iliyofungwa pamoja na kila inachohitaji, inafanya kazi peke yake bila kuchafua kompyuta nzima. Uzuri wake ni kwamba ni kitu cha kutupa. Unalifuta, unaweka jipya, maisha yanaendelea. Ila mali yako usiiweke ndani yake! Rekodi ziko kwenye folda moja ya diski, mipangilio kwenye folda nyingine (majina ya watumiaji, nani anaona nini), na kontena linaonyeshwa tu folda hizo. Ile ya rekodi nimeiruhusu isomwe, isiandikwe. Programu hata ikichanganyikiwa haiwezi kufuta sauti ya mtu.

Wengi wanaacha kontena lijichukulie toleo jipya lolote linalotoka. Mimi naandika namba kamili ya toleo na nasasisha nikiwa na sababu. Safari hii sababu ilikuwepo: simu za vijana zinasasisha programu zao zenyewe, na iko siku programu mpya ya simu itaikataa seva ya zamani. Tatizo ni kwamba toleo la 10.11, lililotoka Oktoba 2025, si la kawaida. Hifadhidata yake imejengwa upya, na ukishaihamisha toleo la zamani haliisomi tena. Nikasubiri kwanza marekebisho madogo yatoke, wengine waumie kabla yangu. Uoga? Sawa, uoga.

Masasi nina intaneti ya kutosha. Nikashusha lile furushi la programu, mamia ya megabaiti, nikalihifadhi kama faili moja kwenye fleshi, fleshi ikaingia kwenye pochi, nikapanda kosta. Nani kasema lazima data ipite hewani?

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mpwa wangu. Umekuja kuniona mimi au kuiona laptopu?"

Nikazima kontena. Nikanakili folda ya mipangilio kwenye diski ya pili. Nikapakia faili kutoka kwenye fleshi, nikabadilisha namba, nikawasha. Kisha ukaja ule muda wa kutazama mistari ikishuka kwenye skrini wakati hifadhidata inahama. Umeme ukakatika katikati! Ndiyo maana sipendi kompyuta ya mezani kwa kazi hii. Betri ya laptopu ni mbovu, lakini ilitosha.

Ilipomaliza sikugusa video hata moja. Nilichukua simu tatu. Kwa akaunti ya bibi, folda ya unyago ipo. Kwa akaunti ya watoto, haipo. Kwa akaunti ya mjomba, mwenye nyumba na anayelipa umeme, haipo. Nikatafuta kwa majina, nikaangalia orodha ya vilivyoongezwa karibuni, kwa sababu mlango mkuu unaweza kufungwa dirisha likabaki wazi. Hakuna kitu. Hapo ndipo nikasema kazi imekwisha, nikaomba ugali.

Kinachonikosesha raha sasa ni nenosiri la msimamizi, maana ninalo peke yangu. Mtu wa pili lazima awe mwanamke wa ukoo wetu, aliyechezwa, na asiyeogopa kuandika amri. Mtoto wa mama mdogo anasoma chuo Mtwara, nimeanza kumfundisha. Anasema ile skrini nyeusi inamtisha kuliko unyago.