Kaye ya Mama Si ya Kuwashia Mbabula



Likizo iliyopita nilimsindikiza mama mdogo katika safari yake ya biashara. Yeye anauza vitenge hapa Kalemie, na huvifuata mpaka Kariakoo, mjini Dar es Salaam. Tulivuka ziwa usiku kwa boti la mizigo, tukafika Kigoma tukiwa tumelowa, kisha tukapanda treni. Uvinza, Tabora, Dodoma, Morogoro: siku mbili za kukaa mpaka miguu inavimba. Pale Tabora tulinunua asali kupitia dirishani. Niliwaza kwamba Kiswahili chetu kilipita njia hii hii. Kilitoka pwani pamoja na misafara ya pembe na watumwa, kikafika Tabora na Ujiji, kikavuka ziwa mpaka kwetu.

Mama mdogo alipokuwa akipatana bei, mtoto wa shangazi anayesoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alinipeleka kuona maktaba yao, ndiyo bibliotheki. Chuo kiko juu ya kilima, ndiyo maana watu wanakiita Mlimani. Jengo jipya la maktaba lilijengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2018. Lakini mimi sikwenda kutazama jengo. Nilitaka kuona karatasi za zamani.

Maktaba ile inatunza maandishi ya mkono ya Kiswahili. Mengi yalikusanywa katika miaka ya 1960 kwenye nyumba za watu wa pwani, na mwaka 1970 orodha yake ilichapishwa kuwa kitabu, kazi ya J. W. T. Allen. Mama anayesimamia chumba alinipokea vizuri. Nilisema «jambo», akacheka, akanifundisha kusema shikamoo. Kisha akaniambia: «Mwalimu, mfuko weka pale. Kalamu ya wino hapana, tumia ya risasi. Na mikono iwe safi na mikavu.» Nilijiona kama mtoto wa kalasi ya kwanza.

Alinionyesha kurasa zilizogeuka rangi ya chai. Herufi ni za Kiarabu, sikuweza kusoma hata moja. Lakini aliponisomea polepole, nikasikia Kiswahili! Cha Lamu, cha zamani, maneno mengine yalinipita, ila nilielewa kwamba ni mama anamwita binti yake akae karibu, alete wino na karatasi.

Mama huyo ni Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa kisiwa cha Pate. Mume wake, Bwana Mataka, alikuwa mtawala wa Siyu. Yapata mwaka 1858, akiwa mjane na mgonjwa, alitunga utenzi wa beti zaidi ya mia moja kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Aliona siku zake zinakwisha, akataka kumwachia mtoto akili ya maisha: dini, adabu, usafi, namna ya kukaa na mume na na watu. Miaka michache baadaye alifariki.

Kuna mashauri yake ambayo sisi leo tutayabishania, hasa yale ya kumtii mume katika kila jambo. Tubishane, ni vizuri. Lakini tunaweza kubishana naye kwa sababu maneno yake yapo. Wanawake waliyahifadhi kichwani na kwenye karatasi, wengine wakayanakili kwa mkono, na mwaka 1934 Alice Werner na William Hichens wakayatoa kitabuni huko Uingereza. Kama binti angeitupa karatasi ya mama yake, yote yangekwisha pale.

Wamama, hapo ndipo moyo wangu uliuma. Mama yangu alikuwa na kaye moja ya gamba la bluu. Aliandika humo hesabu ya likelemba, majina ya waliofariki, na tarehe ya kuzaliwa kwa kila mmoja wetu, hata saa. Alipofariki, nyumba ilijaa watu wa matanga. Ilikuwa msimu wa mvua, makala yamelowa. Mimi mwenyewe, mwalimu mwenye diploma, nilichana kaye ile nikawashia mbabula ili watu wapate chai. Miaka miwili baadaye mdogo wangu alihitaji cheti cha kuzaliwa ili amalize dosie yake. Tarehe? Shangazi anasema hivi, mjomba anasema vile. Tulikubaliana kubahatisha siku.

Kwa hiyo nawaomba jambo moja juma hili. Chukua kaye, hata ya kurasa chache. Andika tarehe za kuzaliwa za watoto wako. Andika jina la mama yako, la mama yake, na kijiji walikotoka. Andika na neno moja unalotaka binti yako alikumbuke. Asiyejua kuandika, amwite mtoto wa shule aandike huku yeye akisema. Ni zoezi zuri kuliko nyingi ninazowapa mimi.

Iweke ndani ya valizi au sanduku, juu ya ardhi, mbali na ukuta unaolowa, na uichungulie mara kwa mara kwa ajili ya mchwa na panya. Ikilowa, ianike kivulini, si juani. Ikichanika, usibandike skochi, kwa maana gundi yake inaharibu karatasi. Na umwonyeshe mtoto mmoja mahali ilipo.

Mimi nimeanza yangu. Kwenye ukurasa wa kwanza, mbele ya jina la mdogo wangu, nimeandika: alizaliwa msimu wa mvua, siku haijulikani, kosa ni langu.

Mwalimu wenu