Injini ya Boti Ikipata Joto, Fuata Maji



Ndugu wasomaji, baadhi yenu mnatufahamu. Sisi ni ndugu wanne wa Buyenzi, hapa Bujumbura, na marehemu baba alituachia boti ya mbao inayobeba mizigo na abiria kwenda Rumonge na kurudi. Nyumba tatu zinakula kutokana na boti hiyo, na karo za watoto zinatoka humo humo. Injini yake ni dizeli ya silinda nne, si ile ya kuning'inia nyuma, bali imefungwa tumboni mwa chombo. Kiangazi kilichopita ilitusumbua kwa joto wiki tatu nzima, na tumeona tuyaandike tuliyoyapitia, kwa kuwa wenye vyombo ni wengi miongoni mwenu na mafundi wa kweli ni wachache.

Kwanza tueleze jinsi inavyopozwa. Injini kama yetu ina maji ya aina mbili. Yako maji yake yenyewe, yanayozunguka ndani kama ya gari. Halafu yako maji ya ziwa, yanayovutwa na pampu kupitia tundu chini ya boti, yakapita kwenye kichujio, yakaingia katika kipozeo chenye vibomba vyembamba vingi, yakachukua joto la yale ya ndani, kisha yakatupwa nje pamoja na moshi. Hayo maji mawili hayachanganyiki. Gari hupozwa na upepo unaopita kwenye rejeta, lakini tumboni mwa boti hakuna upepo, kwa hiyo maji ya ziwa yakipungua, joto halina pa kwenda.

Dalili yetu ilikuwa hii: injini ikienda taratibu, geji inatulia kwenye 80. Tukiongeza mwendo, inapanda hadi 98 na zaidi, na nyuma, pamoja na moshi, unatoka mvuke mweupe. Siku moja tulilazimika kuizima tukiwa na abiria ishirini na wawili, kina mama na watoto ndani yao, na upepo wa kusini umeanza kuamka. Anayelijua Ziwa Tanganyika mchana wa mwezi wa saba anaelewa tunachosema. Chini yako kuna mamia ya mita za maji, na boti isiyo na injini hugeuzwa ubavu na mawimbi. Tulisubiri nusu saa ipoe, tukarudi kwa mwendo wa kobe, alhamdulillah.

Fundi tuliyemwita aliitazama kidogo tu, akasema gasketi ya hedi imeungua, lazima ifunguliwe. Gharama aliyotaja ingemaliza mapato yetu ya miezi miwili. Mkubwa wetu alikuwa tayari kukopa. Aliyetuzuia ni ami yetu, aliyefanya kazi ya meli ujana wake wote. Alituambia, "Wanangu, hedi haifunguliwi kwa kukisia. Fuateni maji, kuanzia yanapoingia hadi yanapotoka."

Tukafuata. Gasketi ikiungua huacha alama: mapovu yasiyokwisha kwenye tangi la maji ya ndani injini ikinguruma, au oili kugeuka rangi ya chai ya maziwa. Sisi hatukuona mapovu, na oili ilikuwa nyeusi kama kawaida. (Kifuniko cha tangi hilo kifunguliwe injini ikiwa baridi tu. Maji yake yako chini ya shinikizo, na tunamjua kijana aliyeungua uso. Wala msimwagie injini yenye moto maji ya baridi, chuma hupasuka.)

Geji nayo husema uongo mara nyingine. Tuliazima kile kipimajoto cha kuelekeza mwanga, tukapima chuma penyewe karibu na thamostati: geji ilikuwa ya kweli. Thamostati yenyewe tuliitoa tukaichemsha kwenye sufuria pamoja na kipimajoto cha maji. Mama alikataa katakata kutoa sufuria yake ya chai, tukanunua nyingine sokoni. Ilianza kufunguka kwenye 76, kwa hiyo ni nzima. Tundu la chini tulilikuta safi. Mipira ya maji haikuwa imelegea wala kunywea.

Ikabaki pampu. Ndani yake mna kigurudumu cha mpira chenye mapanga sita, mafundi wanakiita impela. Kilikuwa kipya, mapanga yote sita yapo, kwani fundi mwingine alikibadilisha mwezi mmoja kabla. Hapo ndipo ami alipouliza swali ambalo hatujalisahau: "Ile ya zamani ilikuwa na mapanga mangapi ilipotolewa?"

Tuliitafuta kwenye kopo la takataka za gereji, tukaipata. Ilikuwa na manne.

Mapanga mawili hayapotei hewani. Yalikatika yakasukumwa na maji, na fundi aliyefunga impela mpya hakuyatafuta. Tulifungua mfuniko wa kipozeo tukayakuta yamelala kwenye midomo ya vibomba, yameziba karibu nusu yake, na taka za ziwa zimejikusanya juu yake. Injini ikienda polepole, nafasi iliyobaki ilitosha. Ikikazwa, haikutosha. Tuliyatoa kwa mkono, tukasugua vibomba kwa kijiti cha mbao, si waya wa chuma, tukafunga kwa gasketi mpya ya karatasi. Kazi ya asubuhi moja.

Kwa ndugu zetu wa baharini, ongezeni jambo moja: chumvi hujijenga ndani ya kipozeo, na kile kipande cha zinki kinacholiwa badala ya chuma kikiisha, vipande vyake huziba vibomba vile vile.

Tulipoijaribu tulipima maji yanayotoka nyuma kwa ndoo na saa. Kabla ya hapo ndoo ilijaa kwa sekunde 50, sasa ni 28 kwa mwendo ule ule. Tumeiandika namba hiyo kwa rangi ukutani karibu na injini, na kila Ijumaa, kabla ya kwenda msikitini, mdogo wetu anashuka na ndoo kuipima. Safari ya kwanza kwenda Rumonge geji ilisimama kwenye 82 njia nzima, na boti imejaa mawese wakati wa kurudi.