Nguo Zangu Nazigawa Mwenyewe

Kwetu, kabati la mtu hufunguliwa akishazikwa. Jamaa huketi uani, nguo zikatolewa moja moja, shangazi akachukua gauni, mpwa akapewa koti, na viatu visivyomtosha yeyote vikaenda na jirani. Ndiyo maana mwaka jana nilipopanga magauni sita kitandani, nikayapiga picha na kuituma kwenye kundi la familia la WhatsApp nikiuliza nani anataka lipi, hakuna aliyejibu. Alama za buluu zilionyesha wamesoma. Kimya. Dakika kumi baadaye Mama akapiga simu kutoka Kitale.

"Mwanangu, kwani daktari amesema nini?"

"Hajasema kitu, Mama. Napunguza tu vitu kwa nyumba."

"Na vitu hupunguzwa hivyo?"

Swali lake nalielewa. Mtu mwenye miaka 31, anayeishi kwa mashine, akianza kugawa nguo, watu husoma ujumbe mmoja tu. Lakini sikuwa najiandaa kufa. Nilikuwa natafuta mahali pa kupita.

Figo zangu zilizimika polepole. Figo ni viungo visivyolalamika mapema. Unaweza kupoteza sehemu kubwa ya kazi yake huku unapanda matatu, unaenda kazini, unacheka. Mimi nilidhani ni uchovu wa Nairobi. Kichwa kinauma, nasema ni joto. Macho yamevimba asubuhi, nasema nimelala vibaya. Siku nilipopimwa presha, muuguzi alirudia kupima mara tatu, kisha akaenda kumwita daktari. Wiki hiyo hiyo nililazwa.

Sasa nasafishwa damu Jumanne na Ijumaa, masaa manne kila kipindi. Damu inatoka kupitia sindano moja, inazungushwa kwenye mashine, inarudi kupitia nyingine. Sindano zote mbili zinaingia mkono wa kushoto, mahali ambapo daktari wa upasuaji aliunganisha mshipa wa ateri na wa vena ili damu ipite kwa kasi inayotosha mashine. Wanapaita fistula. Ukiweka kidole hapo unasikia mtetemo, kama simu iliyozimwa sauti. Mkono huo ndio uhai wangu, na una masharti yake: haubebi mzigo mzito, haupimwi presha, haufungwi saa wala bangili, wala siulalii.

Nikitoka kwenye mashine huwa nimekamuliwa. Presha imeshuka, miguu ina misuli iliyojikunja, sakafu inaelea kidogo. Jumatano nalala mpaka saa sita mchana. Jumamosi vivyo hivyo. Ikifika Jumatatu maji yameanza kujaa mwilini, pumzi inakatika kwenye ngazi. Ukitoa hizo siku zote, kinachobaki cha kufanyia maisha ni kama siku mbili na nusu kwa wiki. Hapo ndipo nilipoanza kuiangalia keja yangu kwa jicho lingine.

Naishi Zimmerman, chumba kimoja na sebule, orofa ya nne, ploti isiyo na lifti. Kama mpangaji yeyote wa Nairobi, nilikuwa nimeishi hapo kwa imani kwamba kila kitu kina siku yake. Boksi la simu niliyoibiwa. Nyaya za chaja ambazo sikujua ni za nini. Majagi matatu ya plastiki yaliyotolewa dukani kama zawadi. Mifuko ndani ya mfuko ndani ya mfuko, nyuma ya mlango. Rundo la nguo za mitumba kutoka Gikomba nilizonunua nikisema fundi atazipunguza kiuno. Mtu mzima wa afya anaruka vitu hivyo bila kuviona. Mtu aliyetoka kwenye mashine, akitafuta kitanda huku ameshika ukuta, anavijua vyote kwa vidole vya miguu.

Tena kila kitu kinadai kazi. Kinataka kupanguswa vumbi, kusogezwa ukifagia, kurudishwa kikianguka. Zamani sikuwa nahesabu. Sasa nguvu yangu ni kama tokeni za stima: naona zinavyoshuka.

Nilifanya kama kila mtu wa rika langu, nikaingia intaneti. Nilimtazama Marie Kondo, yule Mjapani ambaye kipindi chake kilianza kuonyeshwa Netflix mwaka 2019, akiwafundisha watu kushika kila kitu na kujiuliza kama kinawapa furaha. Nikashika katheta ya akiba. Hainipi furaha, lakini haiendi popote. Nikasoma pia habari za Margareta Magnusson, Mswidi aliyechapisha kitabu mwaka 2017 kuhusu desturi ya wazee wa kwao kupunguza vitu kabla ya kufa ili wasiwaachie watoto kazi. Huyo nilimpenda. Ila anazungumzia uzee, na mimi bado nina deni la HELB.

Kuna jambo moja ambalo sikuliona kwao wote wawili. Huku kwetu vitu ni benki. Friji si friji tu. Ni pesa iliyosimama kona ya jikoni ikingoja siku ya shida. Nilipolazwa mara ya kwanza, friji ndiyo iliyotangulia, kisha televisheni, kisha kochi. Dadangu mdogo aliviuza kwa majirani na kwa watu wa mtandaoni, wengine wakipunguza bei mlangoni baada ya kuambiwa mwenyewe yuko hospitali. Niliporudi nyumbani nilipata sebule yenye mkeka na alama nne za miguu ya kochi sakafuni.

Kwa hiyo nyumba yangu ilipunguzwa mara mbili. Mara ya kwanza ugonjwa ndio ulioingia na kuchagua, ukachukua vitu nilivyovipenda na kuniachia takataka, maana takataka hazina mnunuzi. Mara ya pili nilitaka kuchagua mimi. Ndicho nilichoshindwa kumweleza Mama kwa simu.

Nilianza na mitungi. Maji kwetu huja mara mbili kwa wiki, na nilikuwa na mitungi minane ya lita ishirini, imejipanga kutoka bafuni hadi mlango wa chumba cha kulala. Siwezi kuinua hata mmoja. Daktari wangu ameniruhusu lita moja ya kunywa kwa siku, na ndani ya hiyo kuna chai, uji, supu na maji ya kumezea dawa. Siku moja nikapiga hesabu: mtungi mmoja ni kinywaji changu cha siku ishirini. Nilikuwa nalala na kiu katikati ya lita mia moja na sitini za maji. Mitano nikampa kijana anayebebea watu maji kwenye ploti, kwa makubaliano kwamba atanijazia ile mitatu iliyobaki na kuiweka mahali ninapofikia kwa kikombe.

Vikombe navyo vikafuata. Nilikuwa na vile vikubwa vya kauri vya nusu lita. Ukiwa na ruhusa ya lita moja, vikombe viwili vya namna hiyo vinamaliza siku kabla ya saa nne asubuhi. Nikabaki na kimoja kidogo cha kahawa, kama vile wanavyonywea wazee wa Mombasa. Kikombe kidogo kinajaa, na macho yanaridhika.

Jikoni nilitoa masufuria madogo nikabakisha makubwa, kinyume na watu walivyotarajia kwa mtu anayeishi peke yake. Sababu ni viazi. Viazi vina potasiamu nyingi, na potasiamu ikizidi inaweza kusimamisha moyo wa mtu ambaye figo hazifanyi kazi. Kwa hiyo unavikata vidogo, unavichemsha kwa maji mengi, unayamwaga, ndipo upike. Kazi hiyo inataka sufuria kubwa. Parachichi, ndizi na nyanya nyingi nimeagana nazo bila sherehe.

Nguo ndizo zilizonitoa jasho. Kila nguo yenye mkono mrefu wa kubana ililazimika kwenda, kwa ajili ya fistula. Viatu vya kisigino pia, maana miguu inayovimba Jumatatu haiingii humo. Hayo yalikuwa rahisi. Magauni sita ndiyo yaliyokuwa ya mtu ninayemjua: msichana aliyekuwa akicheza rumba mpaka alfajiri, akienda kazini na macho mekundu. Nilikaa nayo kitandani jioni nzima. Nikajiuliza swali ambalo sikulipata kwa Mjapani wala kwa Mswidi: huyu msichana atarudi? Na akirudi, atataka kuvaa nini?

Rafiki yangu mmoja wa chuo nilimpa jaketi la jinzi alilokuwa akilikopa kila mwezi tukiwa mwaka wa pili. Alilikataa mlangoni. "Siwezi. Nikilivaa nitakuwa nakuona." Nikamwambia aniangalie basi, niko hapa. Akacheka, akalia, akaondoka bila jaketi. Wiki mbili baadaye akanitumia ujumbe: "Lile jaketi bado lipo ama ulimpa mtu?" Lilikuwa lipo.

Mama hakungoja kualikwa. Alishuka kwa basi la usiku na mfuko wa unga na kuku aliyekwisha kuchinjwa, akapanda orofa nne akipumzika kila ngazi ya pili, akaingia na kukuta milundo mitatu sebuleni: inabaki, inaenda, sijui. Hakusalimia vizuri. Alivua viatu, akaketi mkekani, akaanza kurudisha vitu kutoka rundo la kwenda hadi rundo la kubaki.

"Hii blanketi nilikununulia ukiingia Form One."

"Mama, ina vumbi. Nikikohoa usiku kifua kinauma."

"Si inafuliwa?"

"Nani atafua?"

Akanyamaza. Blanketi lililolowa maji ni mzigo, na mkono wangu wa kushoto alikuwa akiuona. Mama alikuwa wa kwanza kujitolea figo. Walimpima presha siku ya kwanza tu, wakamwambia haiwezekani. Mtu mwenye presha kama yake hawezi kubaki salama na figo moja. Tangu siku hiyo amekuwa kama mgeni aliyefika matangani mikono mitupu. Nilikuwa nimesahau kwamba ninapokataa msaada wa kila mtu ili nionekane nina nguvu, kuna mtu anayekosa pa kuweka mapenzi yake.

"Chukua wewe," nikamwambia. "Ufue, ukae nayo Kitale. Nikija Desemba nilalie."

Aliikunja polepole, kona kwa kona. Halafu akavuta gunia na kuanza kujaza rundo la kwenda, haraka haraka, akiuliza tu: "Na hii? Na hii?" Mpaka saa kumi jioni sebule ilikuwa wazi. Yeye ndiye aliyeteremsha magunia, awamu kwa awamu, na kuwagawia akina mama wa ploti. Nilimsikia kwenye ngazi akimwambia mmoja wao kwa sauti ya juu, "Ni za binti yangu. Yuko juu hapo, anapika chai."

Kati ya magauni sita, manne yalienda. Mawili yanabaki: la kijani, ambalo lina mikono mipana inayopitisha fistula bila tatizo, na jekundu, ambalo halina sababu yoyote ya kubaki isipokuwa nalitaka. Nimebakisha pia faili la hospitali lenye vipimo vyote kwa tarehe, kadi ya NHIF ambayo haina kazi tena tangu SHA ianze Oktoba 2024, redio ndogo ya kusikiliza kwenye mashine, na picha ya baba.

Kuna muuguzi aliwahi kunieleza jinsi figo zinavyofanya kazi, nikiwa nimefungwa kwenye kiti sina pa kwenda. Figo mbili zenye afya huchuja takriban lita 180 za majimaji kwa siku. Zinazotoka kama mkojo ni lita moja na nusu hivi, pengine mbili. Nyingine zote hurudishwa mwilini: maji, sukari, chumvi, kila kimoja kwa kipimo chake. Mimi siku zote nilidhani figo ni mtambo wa kutupa taka. Kumbe kazi yake kubwa ni kurudisha. Inashika karibu kila kitu, inakipima, na kukirejesha nyumbani; kidogo tu ndicho kinachoachwa kiende.

Figo zangu haziwezi tena kuchagua hivyo, na mashine inanisaidia kwa masaa manane tu kwa wiki. Kaka yangu anaendelea na vipimo vya kuona kama tunalingana. Majibu bado. Sijui yatasema nini, na nimejifunza kutopanga nyumba kwa kufuata majibu ambayo hayajaja. Naipanga kwa kufuata Ijumaa jioni: mlango, hatua saba, kitanda, hakuna kitu cha kukanyaga.

Kwa hiyo ukimtembelea mgonjwa wako ukamkuta ameketi sakafuni katikati ya nguo zake, usianze kutafuta leso. Vua viatu, keti karibu naye, uliza kila kitu kinaenda wapi. Na wakati wa kuteremsha gunia ukifika, shika upande ulio mzito.