Wanafunzi walipogeuka washauri wa fundi wa samani

Waulize vijana wanaosomea biashara katika vyuo vyetu vikuu wanataka kufanya kazi gani, na hutakosa mmoja atakayesema anataka kuwa mshauri wa usimamizi. Ukimwuliza kazi hiyo ni ya kufanya nini hasa, aghalabu atajikuna kichwa. Wazazi nao hudhani ni kazi ya kuvaa suti na kuwaambia matajiri mambo wanayoyajua tayari.

Kazi yenyewe si ngeni. James McKinsey, aliyekuwa mhadhiri wa uhasibu katika Chuo Kikuu cha Chicago, alianzisha kampuni ya ushauri yenye jina lake mnamo 1926. Lakini swali lililowasumbua walimu wa kazi hii ni moja: kijana wa miaka 21 ambaye hajawahi kuendesha hata kioski atamshauri nini mtu aliyekula chumvi nyingi katika biashara?

Wengine walijibu kwa kuwapa wanafunzi visa vya kampuni wavisome na kuvijadili darasani, mtindo ulioenezwa na chuo cha biashara cha Harvard. Wengine waliona hilo halitoshi. Mwaka wa 1967 wanafunzi wa chuo cha ESSEC nchini Ufaransa waliunda shirika lao wenyewe la kuzifanyia kampuni kazi, na mfano wao ukaigwa katika nchi nyingi. Nacho Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, kilianza mnamo 1992 kuwatuma wanafunzi wake wa shahada ya uzamili ya biashara kwa wiki saba, kikundi kwa kikundi, wakashughulikie tatizo la mteja wa kweli.

Hapa kwetu mteja wa namna hiyo hatafutwi mbali. Yuko kando ya barabara, chini ya mabati, na hana pesa za kumwita mshauri mwenye suti.

Haya niliyashuhudia kwa karibu mwaka uliopita kupitia kwa mpwa wangu, binti ya dadangu, aliyekuwa katika mwaka wa tatu chuoni. Mhadhiri wao aliwagawa katika vikundi vya watu watano, akakipa kila kikundi mfanyabiashara mmoja na muda wa wiki kumi. Kikundi cha mpwa wangu kilipewa fundi wa samani katika Barabara ya Ngong.

Shemeji yangu hakufurahi hata kidogo. "Mimi nalipa karo asome vitabu," alilalamika, "si akashinde kwenye vumbi la mbao kila Jumamosi. Na nauli ni yangu!" Mimi nikaomba ruhusa ya kuandamana nao, kwani mwandishi wa makala halali njaa mahali penye mabishano.

Siku ya kwanza hawakushauri lolote. Waliandika barua ya makubaliano ya ukurasa mmoja: watakachochunguza, watakachomkabidhi fundi, siku ya kumaliza, na ahadi kwamba siri za biashara yake hazitatoka nje. Mwanafunzi asiyeandika mapema anachotakiwa kufanya hujikuta mwishoni akilaumiwa kwa jambo ambalo hakulitarajia.

Fundi alikuwa na jibu lake tayari. "Vijana wangu, shida yangu ni mashine ya kuranda mbao. Niandikieni tu karatasi nzuri ya kupeleka benki nipewe mkopo."

Kumbe hapo ndipo penye mtego! Mteja akisema anahitaji mashine, hajakueleza ugonjwa, amekuandikia dawa. Kazi ya mshauri ni kuuliza kwa adabu: mashine hiyo itaondoa nini? Fundi alipoulizwa hivyo alinyamaza kidogo, kisha akasema wateja wanamkasirikia kwa sababu viti havitoki kwa wakati.

Wakaanza kuhesabu. Fundi hakuwa na daftari, kwa hivyo walikaa naye na kusoma jumbe za M-Pesa katika simu yake, moja baada ya nyingine, wakiandika nani alilipa arubuni siku gani na nani alimaliza kulipa. Ikadhihirika kwamba arubuni ya mteja mpya ndiyo iliyokuwa ikinunua vitambaa vya mteja wa zamani. Nyuma ya turubai walihesabu viti 14 ambavyo mbao zake zilikuwa zimeshaunganishwa, lakini havijakamilika.

Kisha wakahesabu kazi ya kila mfanyakazi. Maseremala wanne kila mmoja alikuwa na fremu zake za wiki. Wa tano, mzee mmoja aliyekuwa amemfundisha fundi mwenyewe kazi hiyo, hakuwa na fremu hata moja. Wanafunzi wakaandika katika rasimu yao ya ripoti kwamba mzee apumzishwe, na mshahara wake usaidie kununua mbao.

Mhadhiri aliisoma rasimu hiyo, akawauliza swali moja tu: "Mmemwuliza mzee huyu anafanya nini kutwa nzima?"

Hawakuwa wamemwuliza. Walirudi siku ya Jumanne, wakaketi kando yake tangu asubuhi hadi jioni. Mzee alikuwa akipiga msasa, akipaka vanishi na kuwamba vitambaa. Kila kiti kilichoondoka pale, bila kubakisha kimoja, kilipita mikononi mwake. Vile viti 14 vilikuwa vikimngojea yeye. Angeondolewa, karakana nzima ingesimama katika muda wa wiki moja. Nayo mashine ya kuranda ingeongeza tu fremu katika ule msururu, na fundi angebaki na deni la benki juu ya hasira za wateja.

Jambo hili lilielezwa zamani na Eliyahu Goldratt, mwanafizikia wa Israeli, katika kitabu chake cha 1984 kiitwacho The Goal: kasi ya kiwanda kizima ni kasi ya mahali pale panapokwama. Mpwa wangu alikuwa ameyasoma hayo darasani na kuyajibu vizuri katika mtihani. Hata hivyo, aliniambia hivi: "Mjomba, kwenye kitabu mahali panapokwama hapana uso. Huyu mzee ana wajukuu, na sisi tulikuwa tumeshampiga kalamu."

Ripoti ya mwisho ilikuwa kurasa nne kwa Kiswahili chepesi. Mkopo wa mashine usubiri. Seremala mmoja aache fremu kwa muda afundishwe umaliziaji na mzee. Kiti kipya kisianzwe kabla ya kingine kuondoka. Kila arubuni iandikwe katika daftari. Waliisoma mbele ya fundi na wafanyakazi wake wote, mzee akiwemo. Wala hawakumficha fundi kwamba uamuzi ulikuwa wake, maana wao wangerudi chuoni naye angebaki na biashara.

Nilipopita huko miezi miwili baadaye, seremala kijana alikuwa na brashi ya vanishi mkononi na nyuma ya turubai palikuwa na viti vitano. Daftari lilikuwepo pia, lakini kurasa za mwisho zilikuwa tupu. Ushauri ni kama mbegu, si zote huota.

Ndani ya kikundi kulikuwa na somo jingine. Kijana mmoja alikuwa hodari wa kuongea na mzito wa kufika. Mhadhiri aliwataka wanafunzi wapeane alama kwa siri, na kijana huyo akapata alama alizostahili. Kazini hakuna anayechagua wenzake, na heri mtu ajifunze akiwa chuoni kumwambia mwenzake ukweli bila matusi.

Shemeji alipoonyeshwa ripoti aliisoma yote, kisha akauliza, "Na huyo fundi aliwalipa pesa ngapi?"

"Hata ndururu, baba," binti akajibu.

Shemeji akatikisa kichwa. Nauli ya muhula uliofuata aliitoa, ingawa kwa manung'uniko.

Kwako mwanafunzi, kazi kama hii ikitolewa chuoni usiikimbie kwa kuwa ina vumbi. Nenda, keti na kila mtu wa pale, hasa yule asiyeonekana kuwa na kazi. Nawe mzazi, mwanao akirudi Jumamosi jioni na takataka za mbao kwenye nywele, mwulize amejifunza nini leo kabla ya kumwuliza amelipwa nini. Kuna mtu mahali fulani ambaye riziki yake itakuja kutegemea iwapo mwanao alifundishwa kuuliza kabla ya kuandika.