Kutoka Ujiji Hadi Bagamoyo na Kurasa Nne

Nilipanda treni katika stesheni ya Kigoma nikiwa na begi moja, kilo mbili za dagaa wakavu za kumpelekea shangazi, na bahasha ya kaki yenye kurasa 4. Begi nililiweka juu, dagaa chini ya kiti. Bahasha nililala nayo kifuani. Nilikuwa na miaka 24, fundi cherehani wa Ujiji, na safari ndefu kuliko zote nilizowahi kufanya ilikuwa ya kwenda Kasulu kwenye msiba.

Kurasa hizo zilikuwa mwanzo wa hadithi niliyoiandika kwenye simu, usiku, baada ya kufunga kibanda. Rafiki yangu alinitumia tangazo: watunzi chipukizi wa hadithi, mashairi, tamthilia na vibonzo walialikwa kutuma kazi zao, na watakaochaguliwa wangekaa pamoja Bagamoyo kwa siku 5. Nauli ingerudishwa, chakula na malazi vipo, posho hakuna. Nilituma bila matumaini. Nilipopigiwa simu kwamba nimechaguliwa, nilikuwa napima suruali ya mteja, na futi ya kupimia ikanidondoka.

Mama yangu alisikiliza habari hizo akiwa anapepeta mchele. Akauliza jambo moja tu.

"Posho kiasi gani?"

"Hakuna posho, mama."

"Basi hiyo si semina," akasema, akaendelea kupepeta.

Simlaumu. Kwetu neno semina tunalijua kwa sura hiyo: watu wanakwenda ukumbini, wanasaini karatasi, wanakunywa soda, wanapewa bahasha, wanarudi. Mimi pia nilikuwa sijui kuna semina ya aina nyingine.

Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na kutoka hapo hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 1,250. Kabla ya reli, njia ya kutoka Ujiji kwenda Bagamoyo ilikuwa ya miguu. Misafara ilitembea kwa miezi, wapagazi wakiwa na pembe za ndovu mabegani, na watu waliotekwa wakiwa na minyororo shingoni. Nimekua nikiona miembe mikongwe ya Ujiji na kusikia wazee wakieleza kwamba njia ilipita pale. Sasa nami nilikuwa naifuata njia hiyohiyo hadi mwisho wake, nikiwa nimekaa, kwa hiari yangu, kwa sababu ya hadithi. Jambo hilo lilinikaa moyoni tangu tulipoondoka.

Pembeni yangu alikaa bibi mmoja mwenye dumu la mawese la lita 20, akalibana kwa miguu yote miwili kama anayemzuia mbuzi. Nilimwamkia, akaitikia, akataka kujua nakwenda kwa nani.

"Nakwenda kwenye mafunzo, bibi. Ya uandishi."

"Ya kuandika barua?"

"Hadithi."

Alifikiri kidogo. "Hadithi zinafundishwa? Sisi tulizikuta." Kisha akanipa muhogo wa kuchemsha.

Swali lake nilikwenda nalo. Tulipita Uvinza kwenye chumvi, tukavuka mto Malagarasi, asubuhi tukafika Tabora ambako wauza asali walikimbia kando ya mabehewa na chupa mikononi. Itigi, Manyoni, Saranda kwenye kuku wa kuchoma, Dodoma. Usiku wa pili sikulala. Nilisoma kurasa zangu kwa tochi ya simu nikaziona nzuri mno, kila sentensi imevaa nguo ya sikukuu.

Dar es Salaam nilipokelewa na shangazi, nikaoga, nikalala saa chache, kesho yake nikapanda basi dogo la Bagamoyo, safari ya kilomita 70 hivi. Mahali penyewe palikuwa banda la makuti karibu na bahari, viti vya plastiki vimepangwa duara. Hapakuwa na meza kuu wala bango. Tulikuwa 16: mchora vibonzo kutoka Mwanza, mwalimu wa shule ya msingi kutoka Newala, nesi wa Tanga anayeandika tamthilia, kijana wa Temeke anayeghani mashairi yake jukwaani, na wengine. Aliyetuongoza alikuwa mama mtu mzima, mhariri mstaafu wa vitabu, sauti ya chini, penseli nyuma ya sikio. Tulimwita Mwalimu.

Siku ya kwanza alituwekea kanuni. Mwenye kazi anaisoma kwa sauti, kisha ananyamaza. Hajitetei, haelezi alichokusudia. Wenzake wanasema kwanza walichokiona na kukisikia, halafu mahali walipopotea. Maneno "nzuri" na "mbaya" yamepigwa marufuku. Alituambia mtindo huu wa kukaa duara ulikita mizizi katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, ambako programu ya warsha ya waandishi ilianza mwaka 1936. Lakini akatukataza kudhani kwamba kufundishana utunzi kumekuja na ndege. Washairi wa Kiswahili walikuwa wakijibizana na kusahihishana katika gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923. Na mwaka 1954 Amri Abedi alitoa kitabu chake, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, akaeleza vina na mizani hatua kwa hatua ili anayetaka kujifunza ajifunze.

Nilishtuka. Amri Abedi alizaliwa Ujiji, mwaka 1924. Jina lake nilikuwa nalijua kwa uwanja wa Arusha na kwa habari kwamba alikuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, kisha waziri. Sikujua kwamba mtu wa mitaa yetu alikaa akaandika kitabu cha kuwafundisha wengine kazi hii. Nikalikumbuka swali la bibi wa mawese, na jibu lake nikalipata mbali sana na nyumbani: zinafundishwa, na mmoja wa walimu alitoka kwetu.

Siku ya pili ilikuwa zamu yangu. Nilisoma ukurasa wa kwanza, habari za mwanamke anayeanika dagaa ufukweni Kibirizi. Ulianza hivi: "Katika dunia hii iliyojaa misukosuko, aliishi mwanamke mwenye maisha magumu yaliyogubikwa na dhiki na mateso makubwa." Nilipomaliza, duara lilinyamaza. Mchora vibonzo ndiye aliyeanza.

"Dada yangu, nimejaribu kumchora huyu mama tangu ulipoanza kusoma," akasema, akaonyesha daftari lake. Alikuwa amechora ufukwe na chanja za dagaa. Mahali pa mama palikuwa patupu. "Sijui kashika nini."

Mwalimu alichukua ukurasa wangu, akatoa penseli sikioni, akapiga mstari mwembamba chini ya kila sentensi ambayo ndani yake hakuna kitu cha kuonekana, kusikika, kunusika wala kushikika. Ukurasa ulikuwa na sentensi 31. Penseli iliacha 9.

"Mwanangu, wewe ni fundi," akaniambia. "Gauni likikataa mwilini unafanyaje?"

"Nafumua."

"Kwa nini?"

"Kitambaa ni kizima. Kilichokosewa ni mshono."

"Kafumue."

Nilikwenda kukaa nje kwenye mchanga. Machozi yalinitoka, siwezi kuficha. Kurasa zile nilikuwa nimezibeba kifuani usiku mbili. Lakini kila fundi anajua kwamba wembe wa kufumulia haumchukii mteja. Nikaanza kujiuliza mama yangu alikuwa akishika nini, kwa kuwa yule mwanamke wa hadithi alikuwa yeye. Nikakumbuka sado, ile ndoo ndogo ya kupimia. Mama alikopeshwa dagaa wabichi na mwenye chombo, akapimiwa kwa sado, akaanika, akauza, akalipa kwa sado. Jioni ile niliandika sentensi mpya: "Mama alipima kwa kiganja ukingo wa sado, akafuta dagaa waliozidi, kisha akawarudisha, kwa kuwa mwenye chombo alikuwa akimtazama." Kesho yake niliposoma, mchora vibonzo hakusema neno. Aligeuza daftari, na mama alikuwapo, kiganja juu ya ndoo.

Siku ya tatu Mwalimu alitupeleka soko la samaki. Tulipewa saa moja, kila mtu arudi na mambo 10 aliyoyaona, bila neno hata moja la hisia. Mnada ulikuwa umechangamka. Mbele yangu mama mmoja alikuwa akigombea fungu la samaki. Pesa zake alizifunga kwenye pindo la kanga, na kila mnadi alipopandisha bei, mkono wake ulikwenda kugusa fundo. Bei ikapanda mara nne, akagusa mara nne. Mara ya tano hakugusa, akageuka, akaondoka. Sikuhitaji kuandika kwamba alikata tamaa.

Siku zilizobaki tulijifunza mambo ambayo mtunzi wa mkoani hayasikii kwa urahisi. Tulisoma mfano wa mkataba wa uchapishaji, ibara kwa ibara, tukakaa sana kwenye mrabaha: ni asilimia ngapi, ya bei gani, inalipwa lini. Nesi wa Tanga alieleza jinsi alivyowahi kumpa mtu tamthilia yake bila maandishi yoyote, akaja kuisikia imechezwa bila jina lake. Tulielezwa kazi ya COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini, na haki tunazopewa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Tulielezwa pia juu ya Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023, na jinsi ya kuandaa mswada unaostahili kusomwa na majaji. Jioni moja tulitembelea TaSUBa, taasisi ya sanaa iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, tukawatazama wanafunzi wakirudia igizo la dakika 3. Walilirudia mara 11. Niliwahesabia. Mara ya 11 ilikuwa tofauti kabisa na ya kwanza, na maneno yalikuwa yaleyale.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini Mwalimu hakupenda neno semina. Yeye alisema warsha, na akatukumbusha kwamba neno hilo tumelitoa kwenye Kiarabu, na maana yake ni karakana. Karakana ni mahali pa kelele, vumbi na vitu vilivyofumuliwa nusu. Mtu haendi karakana kupigiwa makofi. Anakwenda na kilichoharibika, anatoka kikiwa kinafanya kazi.

Nilirudi Kigoma kwa treni ileile. Kurasa 4 zilikuwa zimebaki 2, na hizo mbili nilikuwa tayari kuzitetea. Usiku wa kwanza nyumbani nilimsomea mama. Alisikiliza hadi mwisho, mikono imetulia, jambo ambalo kwa mama ni nadra. Kisha akasema, "Pale kwenye sado. Hakuwa akinitazama mwenye chombo. Alikuwa akitazama mwanawe." Nikachukua kalamu nikasahihisha, naye akasogeza kiti karibu.

Nimeandika haya kwa sababu moja. Vipaji havikai Dar es Salaam peke yake, lakini warsha nyingi zinafanyika mbali na wengi wenye kuzihitaji, na wanaobahatika kufika hurudi wakakaa kimya na walichopewa. Karakana ya maneno haihitaji hoteli wala projekta. Inahitaji watu wanne au watano, kazi iliyoandikwa, kanuni ya kunyamaza, na penseli. Maktaba za mikoa zina viti. Shule zina madarasa matupu kila Jumamosi. Maofisa utamaduni wa wilaya wana uwezo wa kuwakutanisha watu, na nawaomba wautumie.

Sisi Ujiji tunakutana Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, kwenye kibanda changu, cherehani zikiwa zimefunikwa. Tulianza 4, sasa tuko 9, na wawili kati yetu ni wavuvi. Nawe uliyewahi kufundishwa mahali fulani, tafuta wanne wa mtaani kwako, uwafundishe.