Zimwi Lililotoka Saluni

Kwa miaka mingi nilichora katuni kwa kalamu ya kuchovya na wino mweusi. Mkono ulipoanza kutetemeka nilidhani kazi imekwisha, kwa sababu mstari wa katuni hauna huruma; ukiyumba kidogo tu, kila mtu anaona. Binti yangu ndiye aliyeniketisha mbele ya kompyuta, akanifungulia Inkscape, programu ya bure iliyopo tangu mwaka 2003.

Msomaji asidhani humo nilichora kama tulivyozoea. Sikuburuta kalamu. Unaweka nukta, kisha nyingine mbali kidogo, na kompyuta inakokotoa mkunjo ulio kati yake. Kila nukta ina vishikio viwili kama masharubu. Ukivuta kimoja, mstari unapinda kukifuata. Hesabu hiyo waliitumia wataalamu wa magari wa Ufaransa, Paul de Casteljau wa Citroën na Pierre Bézier wa Renault, kabla ya mwaka 1970, kwa kuchorea bodi za magari. Mimi niliitumia kuchora zimwi.

Ni zimwi la hadithi za bibi yangu: jicho moja, mkia, na kinywa cha pili kisogoni. Mkono ulitetemeka, nukta hazikutetemeka. Nililikuza likajaa kioo kizima na kingo zake zikabaki safi, maana picha ya vekta haihifadhiwi kama vitone vya rangi bali kama maelezo ya mistari. Nilifurahi mno! Nikamwita mjukuu wangu, mtoto wa miaka mitano.

Akalitazama, akacheka. “Babu, zimwi hili limetoka saluni.”

Nilinuna siku mbili, nakiri. Kisha nikatafuta karatasi ya zamani, zimwi la wino nililolichora nikiwa kijana, nikaliingiza kwa skana na kuiamuru programu ifuate mistari yenyewe. Ikanipa nukta mamia kwa mamia, pamoja na doa la chai. Ukigusa sikio, unavuta nukta kumi na bado sikio halikai sawa. Nikafuta yote. Nikailaza picha ile chini, nimeififisha, nikaanza kuweka nukta moja moja juu yake.

Hapo ndipo nilipoona tofauti. Mstari wa kompyuta, ukiuacha ulivyo, una unene mmoja kama waya. Ule wa kalamu ulinenepa nilipokandamiza na kukonda nilipoinua mkono. Ikabidi kila mstari wa taya niuchore kama umbo, ubavu huu na ule, kisha niujaze weusi. Na penye meno nikavunja mikunjo iwe pembe kali. Jioni nne kwa taya tu.

Mjukuu alipoletwa tena hakucheka. Alirudi nyuma hatua moja, akashika mkono wa mama yake.

“Babu, hili linakula watoto wa miaka mingapi?”