Ile asilimia 4 ya kwenye bango

Nimekuwa kimya kidogo, kazi zilibana. Juzi niliwatumia picha ya mtaa wetu hapa Al Nahda, na badala ya kuniangalia mimi mkaangalia bango la benki nyuma yangu: mikopo kuanzia asilimia 4! Tangu hapo Mjomba haachi kupiga simu. Kwa nini nisichukue dirham elfu 20 tumalizie nyumba ya Tanga?

Mjomba, shikamoo, hesabu yake ni hii. Chini ya bango kuna maandishi madogo kama sisimizi, yanasema riba haipungui. Yaani kila mwaka wanatoza asilimia 4 ya elfu 20 zote, hata kama nusu nimesharudisha. Kwa miaka 4 riba ni dirham 3,200, na kila mwezi nakatwa 483. Ukipiga hesabu kwa deni linalobaki tu, riba hiyo hiyo ni karibu asilimia 7 na nusu kwa mwaka. Tena hiyo "kuanzia" ni ya wenye mishahara minono, sio sisi.

Sheria zipo, nisiwaonee. Tangu 2011 Benki Kuu ya hapa imeweka ukomo: mkopo usizidi mishahara 20, ulipwe ndani ya miezi 48, makato yasipite nusu ya mshahara. Na kanuni za kumlinda mteja za 2020 zinataka upewe karatasi ya maelezo muhimu kabla hujasaini, kisha una siku 5 za kazi za kughairi. Kijana wa mauzo anayenipigia simu saa ya chakula hajawahi kuzitaja hizo siku 5. Nilimuomba hiyo karatasi, akasema anatuma WhatsApp sasa hivi. Mpaka leo, jamani!

Lakini hata hiyo 7 na nusu ni nafuu kuliko huko kwetu, sikatai. Kinachonizuia hasa ni visa, maana imefungwa kwenye kazi. Kazi ikiisha, benki kwa kawaida inawahi kiinua mgongo, na deni likibaki inaweza kuiomba mahakama inizuie kusafiri. Hilo bangoni halipo, hata kwa maandishi ya sisimizi.

Kwa hiyo Mjomba, mabati yatakuja kama msingi ulivyokuja, kidogo kidogo. Mwambie fundi aniandikie bei ya bando moja, na asizidishe.